Ukomo wa Muda katika Madai ya Majeraha: Hali ya Wachumaji Chai wa Kericho na Bomet

Utangulizi

Wahenga walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hii hufunzwa shuleni kama onyo dhidi ya uzembe, lakini katika mahakama za Kenya ina uzito wa sheria. Mtu aliyevunjwa mguu na lori barabarani, au aliyekatwa kidole na mashine kiwandani, anaweza kuwa na mashahidi, cheti cha daktari na sababu zote za kulipwa fidia, na bado akatolewa mahakamani kwa sababu moja tu, kwamba alifika baada ya siku ya mwisho. Mahakama haisemi kuwa hakuumia. Husema kuwa muda wake umekwisha.

Makala haya yanafafanua kanuni za ukomo wa muda katika madai ya majeraha ya mwili kwa kuangazia Kericho na Bomet, eneo ambalo kilimo kikubwa cha chai kilianza katika miaka ya 1920 na ambalo hadi leo maelfu ya watu hupata riziki katika mashamba na viwanda vya chai. Hoja inayoongoza maelezo haya ni kwamba sheria ya Kenya humsamehe mdai asiyejua jambo fulani kuhusu jeraha lake, lakini haimsamehi asiyejua sheria. Kwa hiyo lugha inayotumiwa kumweleza mfanyakazi haki zake inaweza kuamua kama haki hizo zitaishi au zitakufa.

Maana ya ukomo wa muda

Ukomo wa muda ni kipindi kilichowekwa na sheria ambacho baada ya kumalizika dai haliwezi tena kufunguliwa mahakamani. Nchini Kenya kipindi hiki kimewekwa hasa na Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya. Tanzania inayo sheria ya aina hiyo katika Sura ya 89, na Uganda pia ina yake. Katika nchi zote tatu, kipindi cha kawaida cha kudai fidia kwa jeraha la mwili lililotokana na uzembe ni miaka 3.

Inafaa kutofautisha dhana mbili ambazo huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Ya kwanza ni chanzo cha dai, yaani tukio linalompa mtu haki ya kushtaki. Ya pili ni kufungua shauri, yaani kuwasilisha hati ya madai mahakamani. Saa ya sheria huanza kwenda kwenye dhana ya kwanza na husimama kwenye ya pili. Kumwandikia mwajiri barua, kuzungumza na nyapara, au kuahidiwa na kampuni ya bima kwamba mambo yatatengenezwa, hakusimamishi saa hiyo. Wapo waliosubiri ahadi za mdomo hadi muda ukapita, na ahadi nazo zikapita pamoja nao.

Katika uamuzi wa mwaka 1972 uliohusu Chuo Kikuu cha Makerere, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba hati ya madai iliyopitwa na muda ni hati iliyozuiwa na sheria, na mahakama haina budi kuikataa isipokuwa mdai aonyeshe msamaha unaomhusu. Msimamo huo ungali unafuatwa.

Sababu za kuwekwa kwa ukomo

Huenda msomaji akauliza kwa nini haki iwekewe tarehe ya mwisho. Watetezi wa kanuni hii hutoa sababu tatu. Kwanza, ushahidi huchakaa. Katika mashamba ya chai wafanyakazi wengi hutoka mbali, na kazi inapokwisha hurudi makwao. Aliyeshuhudia ajali leo anaweza asijulikane aliko baada ya miaka mitano. Madaftari ya zahanati ya kambi hujaa na kutupwa. Hata wenye mashamba hubadilika: mashamba yaliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Brooke Bond yalikuja kuwa ya Unilever, na mwaka 2022 biashara hiyo ikauzwa tena.

Pili, mshtakiwa naye ana haki ya kujua kwamba jambo limekwisha, asiishi na hofu ya kushtakiwa maisha yake yote. Tatu, jamii hunufaika magomvi yanapomalizwa mapema.

Sababu hizi zina mantiki, lakini zimejengwa juu ya dhana kwamba mdai alijua kuwa saa inakwenda. Pale ambapo mshtakiwa ni kampuni yenye mawakili, na mdai ni mchumaji anayelipwa kwa kilo za majani anayopeleka kwenye mizani, dhana hiyo huwa dhaifu.

Si saa moja

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa kuna kipindi kimoja kwa kila dai. Ukweli ni kwamba watu wawili wanaweza kuumia siku moja, kwenye barabara moja, na kila mmoja akawa na muda wake.

Mkulima mdogo anayepeleka majani yake kwenye kituo cha ununuzi, akagongwa na gari la mtu binafsi, ana miaka 3. Akigongwa na gari la Serikali, muda wake ni miezi 12 tu, kwa mujibu wa sheria maalumu ya ukomo inayolinda taasisi za umma, Sura ya 39. Akifa kutokana na ajali, wategemezi wake wana miaka 3 tangu siku ya kifo. Kama ugomvi wake ni wa mkataba, muda ni miaka 6; kama ni wa kudai ardhi, ni miaka 12; na kama ametukanwa na kuharibiwa jina, ni miezi 12. Mtoto na mtu asiye na akili timamu huwekewa kanuni nyingine, kwa masharti yake.

Kuhesabu nako kuna utaratibu. Siku ya tukio haihesabiwi. Hesabu huanza siku inayofuata. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ajali ya basi iliyotokea karibu na Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, tarehe 10 Oktoba 2018, na kuua zaidi ya watu 50, ni mfano mwafaka. Miaka 3 ilitimia tarehe 10 Oktoba 2021. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na pia ilikuwa Sikukuu ya Utamaduni. Jumatatu yake ikawa siku ya mapumziko badala ya Jumapili. Kwa hiyo aliyejeruhiwa katika ajali hiyo alikuwa na hadi Jumanne tarehe 12 Oktoba kuwasilisha hati yake. Aliyefika Jumatano alikuwa amechelewa.

Mfano huo unagusa pia jambo la lugha. Ajali hiyo ilitokea kabla ya mapambazuko. Mswahili husema ilitokea usiku wa kuamkia Jumatano, na kwa hesabu ya jadi, ambamo siku huanza jua linapotua, usiku huo ni wa Jumatano. Sheria haifuati kutua kwa jua; hubadilisha tarehe saa sita za usiku. Hapa hesabu zote mbili zinakubaliana. Lakini aliyeumia saa tatu za usiku siku ya Jumanne, akasema aliumia usiku wa Jumatano, amejiongezea siku moja ambayo sheria haimpi.

Mfanyakazi na sheria ya 2007

Kwa mfanyakazi aliyeumia kazini mambo ni tofauti zaidi. Zamani mchumaji aliyeteleza kwenye mtaro au kuumizwa na mashine angeweza kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe, na mahakama za Kericho zilisikiliza mashauri mengi ya namna hiyo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi kama WIBA, ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008 na kubadilisha njia hiyo. Chini yake, mfanyakazi hamshtaki mwajiri ili alipwe kwa ajali ya kazini. Hupeleka dai lake kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na halazimiki kuthibitisha kuwa mwajiri alikosea.

Njia hii ina saa zake, nazo ni fupi. Ajali inayosababisha kifo hupaswa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Mwajiri aliyepata habari ya ajali yoyote anapaswa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7. Dai la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali au ya kifo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga, na akitaka kukata rufani mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi baada ya jibu la Mkurugenzi, ana siku 30.

Aliyezoea kusikia kuwa majeraha yana miaka 3 anaweza kuketi nyumbani kwa utulivu huku miezi yake 12 ikiyoyoma. Sheria hata hivyo imeacha mlango mmoja. Dai lililochelewa linaweza bado kuangaliwa ikiwa ajali yenyewe ilikuwa imetolewa taarifa kama sheria inavyotaka. Hapo ndipo thamani ya ripoti ya siku ya kwanza inapoonekana. Jina lililoandikwa katika daftari la ajali au la zahanati siku ile ile linaweza kuliokoa dai ambalo lingekufa.

Mabadiliko haya hayakupokelewa bila upinzani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo, kikiwemo kile kinachomzuia mfanyakazi kushtaki. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilirejesha vifungu vingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaafikiana nayo. Katika miaka hiyo kumi wafanyakazi wengi walikuwa wamefungua mashauri mahakamani kwa kuamini kuwa njia iko wazi. Ilibidi Jaji Mkuu atoe maelekezo mwaka 2023 kwamba mashauri yaliyofunguliwa baada ya sheria kuanza kutumika na kabla ya uamuzi wa Desemba 2019 yaendelee mahakamani hadi mwisho. Lakini kwa anayeumia sasa, mlango wa kwanza ni ofisi ya Mkurugenzi.

Siku ya kwanza ni ipi?

Kwa aliyekatwa kidole, siku ya kwanza inajulikana. Kwa mchumaji wa miaka ishirini ambaye mgongo wake umeharibika, haijulikani kwa urahisi. Uchumaji wa mikono hutaka mtu asimame na kuinama juu ya kichaka siku nzima, achague majani mawili na chipukizi, ayatupe nyuma katika kapu, kisha alibebe kapu hilo kwenye mteremko, mara nyingi mvuani, hadi kwenye mizani. Hakuna siku moja ambayo mgongo ulivunjika. Uliuma kidogo, ukapoa likizoni, ukarudi, mpaka asubuhi moja mtu akashindwa kunyanyuka.

Sheria inalitambua tatizo hili kwa kiasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huweka miaka 3 kwa madai yatokanayo na mkataba wa kazi, lakini pale ambapo madhara ni ya kuendelea, huweka miezi 12 tangu madhara hayo yanapokoma. Neno la kuzingatia hapo ni kukoma. Je, madhara hukoma siku mtu anapoacha kazi, au maumivu yanapoisha? Maumivu mengine hayaishi. Mawakili hubishana juu ya neno hilo, ilhali kwa mfanyakazi somo ni jepesi: siku aliyoacha kazi isichukuliwe kuwa mwanzo wa kupumzika tu, kwani yaweza kuwa mwanzo wa mwaka wake wa mwisho wa kudai.

Kutojua jambo na kutojua sheria

Sura ya 22 inayo huruma moja kwa aliyechelewa katika dai la jeraha la mwili lililotokana na uzembe, kero au ukiukaji wa wajibu. Anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kushtaki nje ya muda ikiwa kulikuwa na jambo la msingi ambalo hakulijua na hakuweza kulijua. Jambo hilo liwe zito kiasi cha kubadilisha uamuzi wa mtu mwenye busara wa kushtaki au kutoshtaki. Aidha, awe amelijua baada ya miaka 3 kumalizika, au katika mwaka wa mwisho wa kipindi hicho. Na awe amefungua shauri ndani ya mwaka 1 tangu alipolijua.

Tuseme mfanyakazi alipata kikohozi kwa miaka mingi, kisha daktari akamwambia kuwa mapafu yake yameharibiwa na kemikali aliyoipulizia zamani. Asili ya ugonjwa wake ni jambo ambalo hakulijua, na anaweza kusikilizwa. Lakini mwenzake aliyejua kuwa aliumia, akajua aliyemuumiza, ila hakujua kuwa sheria imempa miaka 3, hana pa kushika. Wala umaskini au hofu ya kufukuzwa kazi havimo katika orodha ya sheria. Isitoshe, ruhusa hiyo hutolewa bila mshtakiwa kusikilizwa, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza mwaka 1988 kwamba mshtakiwa anaweza kuipinga wakati shauri linaposikilizwa. Kupata ruhusa si kushinda.

Nje ya mipaka ya Kenya

Wengine wametafuta haki ng'ambo. Mamia ya wachumaji wa Kericho walifungua madai Edinburgh dhidi ya kampuni ya James Finlay (Kenya), iliyoandikishwa Scotland, wakidai kuwa mazingira ya kazi yaliwaharibu migongo na viungo. Kampuni iliyapinga madai hayo. Mwaka 2022 mahakama ya huko iliruhusu madai yaendeshwe kwa pamoja kama kundi. Desemba 2023 majaji wa rufani wakaamua kuwa shauri lisimamishwe kwanza, ili madai yafuatwe nchini Kenya chini ya sheria ya 2007. Safari ya Edinburgh ikarudisha watu kwenye ofisi ya Mkurugenzi.

Hata pale ambapo mahakama ya kigeni inakubali kusikiliza, kusafiri si njia ya kuikimbia saa. Kanuni ya Scotland ni kwamba dai likitawaliwa na sheria ya nchi nyingine, ukomo wa nchi hiyo ndio unaotumika. Saa ya Kericho huvuka bahari pamoja na mdai.

Uingereza kwa upande wake humpa jaji uwezo mpana zaidi wa kuusamehe ucheleweshaji, na Wakenya wameona pande zote mbili za uwezo huo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya London iliwaruhusu wazee watatu walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau kuendelea na madai yao baada ya zaidi ya nusu karne, kwa kuwa nyaraka za kutosha zilikuwepo za kuwezesha shauri la haki. Mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Lakini mwaka 2018, katika shauri jingine la wadai zaidi ya 40,000, mahakama hiyo hiyo ilikataa kuurefusha muda. Ushahidi ndio uliokuwa mizani katika mara zote mbili.

Nafasi ya Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo sheria zote za Kenya zilizojadiliwa hapa zimetungwa kwa Kiingereza, na lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kiswahili kinaruhusiwa katika mahakama za chini. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Katika kambi za Kericho na Bomet, ambako Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya hukutana kazini, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mbele ya nyapara, karani wa mizani na muuguzi. Ndicho kinachofaa kubeba habari za ukomo.

Kazi hiyo inahitaji maneno thabiti. Kutafsiri kwa kusema “usikawie kudai” ni kumpa mfanyakazi nasaha, si sheria. Anahitaji kuambiwa: ripoti siku hiyo hiyo, dai ndani ya miezi 12, pinga ndani ya siku 60, kata rufani ndani ya siku 30. Anahitaji pia tofauti kati ya “tangu siku ya ajali” na “tangu siku ulipojua”, kwa sababu kati ya vishazi hivyo viwili panaweza kuwa na fidia nzima. Tafsiri ikilegea hapo, hasara haimpati mtafsiri.

Hitimisho

Ukomo wa muda si hila ya mawakili. Unalinda ushahidi na unamaliza magomvi. Lakini kanuni inayomchukulia kila mtu kuwa anaijua sheria huwaangukia zaidi wale ambao sheria haijawahi kusemwa nao kwa lugha yao. Katika nchi ya chai, hatua ya kwanza ya kuirekebisha hali hiyo haingoji Bunge. Ni bango la Kiswahili sanifu kwenye ukuta wa kituo cha mizani na wa zahanati, lenye tarakimu nne zinazosomeka kwa mbali: saa 24, siku 7, miezi 12, miaka 3, na kando ya kila moja maneno machache ya kueleza ni muda wa nani, na unahesabiwa tangu lini.